Mshtakiwa wa kike na wino wetu: kwa vijana wa fildi

Wiki hii nimepitia stori za vijana wa fildi, wanafunzi wa uandishi wanaojifunza kazi hapa gazetini, kuhusu mama anayeshtakiwa kwa mauaji ya mumewe. Zote zimeanza na mavazi yake. Mshtakiwa wa pili, mwanamume, ametajwa jina na umri, basi. Naandika haya mara moja, maana kusema nimechoka.

1. Mahakama ya Hakimu Mkazi haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Pale mshtakiwa anasomewa tu shtaka chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, anaambiwa asijibu lolote, anarudi rumande kwa sababu mauaji hayana dhamana. Halafu wewe unaandika "alibaki kimya bila kuonyesha majuto". Ajute saa ngapi, na hakimu amemwambia asijibu? Akinyamaza mwanamume mnaandika vizuri tu, "hakutakiwa kujibu". Kumbe sheria mnaijua!

2. Machozi si kielelezo. Lindy Chamberlain wa Australia alisema mwaka 1980 kwamba dingo, mbwa wa porini wa kule, amembeba mwanawe mchanga karibu na Uluru. Kwenye televisheni hakulia vile watu walivyotaka. Mwaka 1982 akafungwa maisha. Kikoti cha mtoto kilipopatikana 1986 akatolewa, lakini hadi 2012 ndipo ofisa wa kuchunguza vifo alipotamka rasmi kwamba ni dingo.

3. Majina ya utani. "Foxy Knoxy" lilikuwa jina la utotoni, la uwanja wa mpira, la Amanda Knox, Mmarekani aliyeshtakiwa Italia kwa mauaji ya msichana aliyeishi naye nyumba moja. Magazeti yakalifanya jina la mwanamke hatari. Mahakama ya juu ya Italia ilimwachia moja kwa moja 2015, pamoja na mpenzi wake wa wakati ule. Haya, nani analikumbuka jina la huyo mpenzi?

Nacheka, lakini hapa pananiuma. Kulikuwa na mama wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ameshtakiwa pamoja na shemeji yake kwa kifo cha mumewe. Alipanda kizimbani na kitenge kipya cha njano. Nikaandika "ang'ara kizimbani", mhariri akaongeza "Mrembo wa Mwaloni", picha ikakaa ukurasa wa kwanza. Na mimi ni mwanamke! Kitenge kililetwa na dada yake, kwa sababu nguo alizokamatwa nazo polisi walizichukua kuwa vielelezo. Stori yenyewe ilikuwa hiyo, na mimi sikuuliza. Shemeji alivaa nini? Hata leo sijui. Baadaye DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akasema hana nia ya kuendelea na shauri, mama akaachiwa, sisi tukatoa aya moja ukurasa wa ndani, bila picha. Kule mwaloni wachuuzi wakaendelea kumwita Mrembo, na si kwa kumsifu. Nilimkuta siku moja nikitafuta dagaa. Akanipimia, akaniongezea na nyongeza. Hakunijua. Nililipa nikaondoka mbio kama mwizi.

4. Jirani wa gengeni hajaapishwa, kwa hiyo "alikuwa mkali kwa mumewe" iache gengeni.

5. Kabla ya kufikishwa mahakamani ni mtuhumiwa, baada ya hapo mshtakiwa, na "muuaji" subirini hukumu. Kesi ya Lulu, yule mwigizaji wa filamu, ilianza 2012 kwa shtaka la mauaji ya mwigizaji mwenzake Kanumba, ikaisha 2017 kwa kuua bila kukusudia, miaka miwili. Aliyekwisha kuandika "muuaji" 2012 alisahihisha wapi?

6. Wekeni daftari la mashauri yanayoondolewa. Mshtakiwa aliyetoka ukurasa wa kwanza akiachiwa, stori hiyo pia iombeeni ukurasa wa kwanza. Mhariri atakataa. Nipigieni nije mwenyewe, yule nina deni naye la siku nyingi.