Kadi ya kura imezama ziwani, mdogo wangu afanyeje?

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mdogo wangu ni mvuvi, yuko kambini kisiwani Ukara, mwezi uliopita mtumbwi wao ulipigwa na wimbi, watu wakaokolewa ila begi lake lenye simu na kadi ya mpiga kura likazama. Kitambulisho cha NIDA bado hajapata, ana namba tu. Je siku ya kura wakiona jina lake kwenye daftari watamruhusu au ndo basi tena? Halafu dada yetu yuko London anasema hata kule siku hizi bila kitambulisho hupigi kura, ni kweli? Msomaji, Kirumba.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana, kadi inatafutika, mtu ndo hatafutiki.

Jina kwenye daftari peke yake halitoshi. Mwaka 2020 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba aliyepoteza kadi anaweza kutumia pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa, ilimradi awe kwenye daftari na majina yafanane herufi kwa herufi. Sasa chukua hivyo vitatu umwangalie mdogo wako: pasi ya nini kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni Ukara mpaka Bugolora, hapo Ukerewe ng'ambo, leseni ya gari gani wakati yeye chombo chake ni mtumbwi, na namba ya NIDA haina picha kwa hiyo si kitambulisho.

Na hilo la herufi msilidharau. Shangazi yangu ni pacha, kitambulisho kimoja kaandikwa Kulwa, kwenye daftari Kurwa, na huku kwetu wote tunajua ni jina lilelile. Alipanga foleni toka saa 12 asubuhi, karani akalinganisha mara mbili akatikisa kichwa, mama wa watu akarudi nyumbani kidole hakina wino. Iliniuma na bado inaniuma.

Kwa hiyo dawa ni kadi mpya. Tume ikiboresha daftari kila mkoa unapewa siku zake, aliyepoteza anapewa nyingine, na aliyehama kambi anahamisha taarifa zake hapohapo maana unapigia kura kituo ulichoandikishwa. Siku hizo ni chache, zikiangukia wakati wa giza la mwezi ndo wakati wa dagaa na mvuvi haachi maji, mwambie apange na wenzake mapema nani abaki nchi kavu.

Kuhusu London, ni kweli kabisa. Zamani England ulikuwa unataja jina na anwani basi, ila sheria ya 2022 ikaleta kitambulisho chenye picha, ikaanza kwenye uchaguzi wa mitaa Mei 2023, na tume yao yenyewe ikasema watu kama 14,000 walikataliwa vituoni wakaondoka bila kupiga kura kabisa. Mei 2024 Boris Johnson, waziri mkuu wao wa zamani ambaye serikali yake ndo iliyoileta, naye alirudishwa akafuate chake nyumbani. Dada yenu pasi ya Tanzania inatosha kwa sababu tuko Jumuiya ya Madola, na kwa sababu hiyohiyo anaruhusiwa kupiga kura kule akiwa anaishi kihalali na amejiandikisha. Asiye na kitu anaomba cheti maalumu, ni bure.

Kinachonikera mimi ni orodha zenyewe. Kule London kadi ya usafiri ya wazee inakubalika, ya vijana haikubaliki, na huko Texas sheria ya 2011 ilikubali kibali cha kubeba bastola ikakataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo. Sipingi mtu kuonyesha yeye ni nani, hata mimi sitaki mtu apige kura kwa jina langu, ila anayeandika orodha anajua kabisa nani anavyo hivyo vitu na nani hana, ndo maana naona serikali ikidai kadi iilete kadi hiyo mpaka kambini kwanza, siyo mvuvi apoteze siku tatu za kazi kuifuata.

Akishaipata asipande nayo mtumbwini tena, aiache kwa mtu anayemwamini hapohapo Ukara.