Anza kuondoka ukiwa bado hewani

Wadogo zangu walioko kwenye vituo vya televisheni huniuliza swali moja kwa namna nyingi: dada, ulitokaje? Wanataka kujua mtu anatokaje kwenye kiti cha kusoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku, anaingia kwenye kazi za mawasiliano (kuyasaidia mashirika kusema na umma), kisha anaanza kufundisha watu kutunza sauti na usingizi, na katikati hapo kodi ya nyumba inalipwaje. Jibu fupi ni kwamba nilianza kuondoka nikiwa bado hewani. Jibu refu lina mambo ya pesa, ya mwili na ya heshima, na yote yanaingiliana.

Ujue kwanza unachokiacha. Sura yako kwenye skrini ni mali ya kituo. Muuza vitenge wa Kariakoo anayekupunguzia bei kwa sababu "sisi tunakuona kwenye TV" anampunguzia yule wa kwenye TV. Akishakaa mwingine kwenye kile kiti, bei inarudi palepale, na muuza vitenge wala hana kosa. Kilicho chako ni kile ambacho mtazamaji hakioni: kuigeuza ripoti nene kuwa sekunde arobaini za kueleweka, kuendelea kusoma prompta, ile skrini inayokuonyesha maandishi, ikikwama, kumsikiliza mhariri sikioni huku unamtazama mgeni machoni kana kwamba hakuna anayekufokea, na kujua umebakiwa na muda gani bila kuangalia saa. (Kuvaa koti zuri juu na kandambili chini ya meza nako ni ujuzi, ila huo sijapata wa kuununua.)

Njia yenyewe ina wenyewe wa siku nyingi. Benjamin Mkapa alitoka kwenye uhariri wa magazeti akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere mwaka 1974, na alikofika baadaye tunakujua. Marehemu Charles Hilary alipita Radio Tanzania, Radio One, DW, BBC na Azam, akamalizia kwenye usemaji wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Zuhura Yunus alitoka BBC mwaka 2022 kwenda kuongoza mawasiliano ya Rais, Ikulu. Wapeni heshima yao, lakini msiwatazame mkadhani mlango ni uteuzi. Uteuzi hauwekwi kwenye bajeti ya nyumbani.

Wengi wetu mlango wa kwanza tunaouona ni ushereheshaji. Ijumaa send-off Mbezi, Jumamosi harusi Mlimani, Jumapili kitchen party ya mtoto wa bosi, na nusu ya hela inatangulia. Sina ugomvi nao, umesomesha watoto wa watu. Nina wasiwasi nao kwa sababu mbili tu. Ni kazi ya msimu: Kwaresima na Ramadhani zikiingia simu inakaa kimya. Halafu inakula mtaji uleule unaotaka kuutumia kwingine, yaani sauti. Kushindana na spika hadi saa sita usiku, kisha Jumatatu ukasome habari, koo halisahau.

Mimi nilitumia asubuhi. Anayesoma taarifa ya usiku hupewa zawadi ambayo wafanyakazi wa benki hawana: hadi saa saba mchana siku ni yake. Wenzangu walikuwa wanalala, na haki yao. Wengine walikwenda darasani, kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Mimi nilichukua taarifa za mashirika zilizotufikia chumba cha habari, zile tulizozitupa, nikaziandika upya nyumbani. Nilizihifadhi kwenye faili moja, ya zamani kushoto na yangu kulia. Siku nilipoanza kutafuta kazi, sikupeleka picha zangu za studio. Nilipeleka faili.

Mfano wa kilichokuwa humo, nimeutengeneza upya ili nisimguse mtu. Taarifa inakuja hivi: "Kutokana na matengenezo yanayoendelea katika mtambo, tunapenda kuwataarifu wateja wetu wapendwa kuwa huduma ya maji itaathirika katika baadhi ya maeneo. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Msomaji wa habari anaisoma anabaki anajiuliza: maeneo gani, lini, mpaka lini? Hiyo haisomeki hewani. Ukiigeuza inakuwa: "Kesho kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Sinza, Mwenge na Makongo hazitakuwa na maji. Jazeni ndoo leo usiku." Mwenye shirika hushtuka akiiona, anasema mbona kavu hivi, mbona hatujaomba radhi. Mwambie radhi itaingia sentensi ya tatu, baada ya ndoo. Mtu anayefanya kazi ya mawasiliano analipwa kwa ubishi huo. Kuandika vizuri ni nusu, nusu nyingine ni kumsimamia mkurugenzi hadi akubali kusema jambo lenyewe.

Usichukue mteja ukiwa bado unasoma habari zinazomhusu. Jifunze, andika, weka akiba, jenga jina, lakini fedha ya mteja isiingie mfukoni mwako wakati bado una kiti. Mji huu ni mdogo kuliko foleni zake zinavyoonyesha, na mhariri anayekutilia shaka leo ndiye utakayempigia simu mwakani ukimwomba akupokelee taarifa.

Ukishahamia upande huo wa pili, wa mawasiliano, utakutana na kitu ulichokijua ukiwa upande wa kwanza: bahasha, yaani hela anayopewa mwandishi. Mkutano na waandishi wa habari ukiisha, kijana wa watu anakusogelea kwa upole, "Dada, na nauli?" Usimwone mwizi. Waandishi wengi wasioajiriwa hulipwa kwa stori iliyotoka, na bodaboda ya kuja kwako ametoa mfukoni. Hata hivyo bahasha inanunua aya moja ya sifa na inaua uhusiano wa miaka. Ninachofanya: naalika wachache ambao stori inawahusu kweli, natuma gari liwachukue na kuwarudisha, naliandika hilo kwenye mwaliko ili mhariri wao alijue, na chakula kinakuwepo kwa wote. Kuna wasiokuja. Wanaokuja huandika.

Na mkutano uwe saa nne asubuhi. Nimeona kampuni kubwa ikiita vyombo vya habari saa kumi jioni, Posta, halafu inalalamika haikuonekana kwenye taarifa. Mpiga picha atoke Posta saa kumi na moja na nusu, apambane na foleni hadi Mikocheni au Tabata, picha zikaguliwe, stori ihaririwe, isomwe saa mbili? Kwa lipi hasa ulilosema wewe?

Sasa karatasi, maana hapa ndipo wasanii wa habari tunapopigwa. Kabla ya barua ya kuacha kazi, ingia ukaone michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwako haizidi nusu. Kuna waajiri wanaokata na kuchelewa kupeleka, na ni rahisi kuwafuatilia ukiwa bado unapita getini kwao. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia huendana na mwajiri kukuachisha, kwa hiyo ukiondoka mwenyewe usikipigie hesabu. Halafu kuna jambo ambalo watangazaji wachache wanalifahamu: kisheria usiku huanza saa mbili, palepale ala ya taarifa inapopigwa, na saa za usiku zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Dai cheti cha utumishi. Ukishaanza kutoa huduma kwa makampuni, utakuta kwenye malipo yako pamekatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio. Hiyo haijaibwa, omba hati yake uiwasilishe TRA, mamlaka ya mapato, itahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. La kuogopa zaidi ya kodi ni ucheleweshaji. Unafanya kazi Machi, unalipwa Julai. Ndiyo maana nasema akiba itangulie barua.

Nije kwenye mwili. Sikuingia kwenye habari za ustawi kwa sababu ni biashara inayopendeza Instagram. Ratiba ndiyo iliyonisukuma. Taarifa inaisha, unafuta mekapu, mnakaa kikao cha kulaumiana, unafika Kimara saa tano usiku ukiwa macho kama mlinzi, unakula chipsi mayai, unalala saa nane. Kikombe cha kahawa ulichokunywa saa kumi na mbili jioni ili uchangamke hewani, saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba kwenda juu, na hapo hesabu haikubali. Kilichonisaidia ni vitu visivyo na mvuto: kahawa ya mwisho saa nane mchana, chakula cha usiku kuliwa kabla ya kwenda hewani, na kutembea asubuhi. Wataalamu wa afya wanazungumzia walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kundi lolote la jogging la Temeke linakupa dakika hizo bila kukudai ada ya gym, pamoja na nyimbo.

Sauti ndiyo iliyoniunganishia kazi mbili ikawa moja. Mwanamke akizungumza, nyuzi za sauti hugongana kama mara 200 kwa sekunde. Mwanaume, zaidi kidogo ya 100. Sasa mfikirie mwalimu wa darasa lililojaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, anashindana na chaki na kelele. Mfikirie mhubiri. Mfikirie binti wa kupokea simu za wateja. Hao wote ni watangazaji wasiolipiwa mekapu. Kipindi changu nao huanza na chupa ya maji na mrija. Maji yajae nusu, mrija uzame kina cha vidole viwili, unapuliza polepole huku unatoa sauti ya "uuu" kutoka chini kwenda juu na kurudi. Mapovu yakitoka kwa mpangilio, pumzi yako iko sawa. Yakirukaruka, unasukuma kwa koo. Darasa zima hucheka dakika ya kwanza. Baada ya hapo husoma aya moja kwa sauti na wenyewe huisikia tofauti. Mengine ni ya kawaida: funda la maji badala ya kukwangua koo kwa kukohoa, kutonong'ona sauti ikikauka kwa kuwa kunong'ona nako kunaichosha, na shule kumnunulia mwalimu kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni.

Mpaka wangu ni daktari. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu siigusi. Namwelekeza mtu kwa daktari wa masikio, pua na koo, na simpi tangawizi. Ninalisema hili kwa sababu siku utakayotangaza kwamba umehamia kwenye afya na ustawi, simu ya kwanza itakuwa ya mtu mwenye unga wa kupunguza tumbo. Atataka sura yako, na atalipa vizuri kuliko kituo kilivyowahi kukulipa. Muulize usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama ni dawa ya kisasa, au wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama anasema ni mitishamba. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Na hata akiwa nao, mimi bado nakataa. Watu walioniamini nikisema bei ya mafuta imepanda wataniamini nikisema unga huu unayeyusha kitambi, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kuhusu wateja wanatoka wapi, usianze na wakurugenzi uliowahoji. Wanakukumbuka kama mtu aliyewabana. Anza na mafundi mitambo, wapiga picha na madereva wa kituo, ambao wengi wao huishia kwenye vitengo vya habari vya kila taasisi mjini. Mteja wangu wa kwanza aliletwa na mpiga picha niliyekuwa namgawia maandazi kwenye gari la kituo tukienda kwenye matukio. Alikuwa amehamia taasisi moja, bosi wake akawa anatafuta mtu wa kumfundisha kuzungumza mbele ya kamera, akasema namjua dada mmoja. Nilimlipia chakula cha mchana, na bado naendelea kumlipia.