Nimeziba Banda Lote, Mbona Upanga wa Jogoo Umekuwa Mweusi?

SWALI: Ninafuga kuku wachache nyuma ya nyumba, mahali ambapo majira ya baridi huja na theluji. Nimeziba kila tundu la banda kwa plastiki ili wapate joto, lakini ncha za upanga wa jogoo zimekuwa nyeusi, ilhali mitetea hawana dalili yoyote. Je, niwawekee taa ya joto?

JIBU: Taa isubiri; kwanza ondoa plastiki. Kuku mzima, ambaye joto la mwili wake ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, huihimili baridi kavu kwa kutunisha manyoya, na kinachomponza mara nyingi ni unyevu. Usiku kucha kuku hutoa mvuke kwa pumzi, na kinyesi chao kwa sehemu kubwa ni maji. Unyevu huo ukikosa pa kutokea hutua kwenye upanga, ndevu na vidole, yaani sehemu zisizo na manyoya, ambazo mwili huzipunguzia damu ili kulinda joto la ndani, na hapo ndipo ngozi huganda kwa baridi, ikafa na kuwa nyeusi. Ingia bandani alfajiri kabla ya kuwafungulia: ukiona matone au barafu upande wa ndani wa dirisha, au amonia, yaani gesi kali itokayo kwenye kinyesi, ikikuwasha macho, ujue hewa haitoki.

Acha matundu wazi juu kabisa, chini ya paa, ili mvuke utoke bila upepo kuwapiga kuku walalapo. Maranda yaliyolowa yatolewe, na chombo cha maji kisilale ndani. Pa kulalia pawe ubao bapa wa upana wa sentimita 9 hivi, ili kuku akikaa, manyoya ya tumbo yafunike vidole. Jogoo hutangulia kudhurika kwa sababu upanga wake ni mkubwa, na ndevu zake ndefu huchovya majini anapokunywa. Wako wanaopaka mafuta ya mgando. Mimi siyategemei, kwani hayaondoi unyevu bandani. Taa nayo ikianguka kwenye maranda huunguza banda zima.

Weusi huo usiukate wala kuusugua, kwa kuwa ngozi iliyokufa huikinga iliyo hai chini yake, na kwa kawaida hupukutika yenyewe baada ya wiki kadhaa. Mhamishie jogoo mahali pakavu penye joto la wastani, na asirudi baridini mapema, maana kuganda mara ya pili hudhuru zaidi. Uwezo wake wa kurutubisha mayai huenda ukapungua kwa muda. Akivimba, akitoa usaha au akichechemea, mwite daktari wa mifugo.