Vidonge vya mama mdogo

Julai 2021 nilikwenda Muheza kumjulia hali mama mdogo. Nilimkuta amelala mkekani, midomo imemkauka, kila mara anaomba maji. Alikuwa amekohoa wiki mbili, na hospitali hakutaka hata kuisikia kwa hofu ya korona. "Mwanangu, dawa ninazo," akaniambia, akanisogezea kopo la maziwa ya unga.

Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya azuma, mseto wa malaria alioukatisha siku ya pili baada ya kupata nafuu, panadol, na bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa. Imeandikwa kwa kalamu "1x3", basi. Nikampigia jirani aliyempa. Akasema ni deksa, yaani deksamethazoni, amesikia kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuwa inatibu korona.

Mama mdogo ana kisukari.

Tulipofika kituo cha afya sukari ilikuwa 24, juu mno. Ile kiu ilitokana na deksa, ambayo hupandisha sukari, naye alikuwa ameimeza siku kumi.

Jirani hakusema uongo, na hapo ndipo ninapoumia. Juni 2020 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitangaza kuwa deksamethazoni imepunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wanapewa oksijeni. Kwa mgonjwa anayepumua mwenyewe bila oksijeni hawakuona faida yoyote. Dawa hii hutuliza kinga ya mwili inapofikia kuyashambulia mapafu yenyewe. Haiui kirusi. Ujumbe ulipofika Muheza ulikuwa umebaki nusu: "deksa inaokoa". Inamwokoa nani, kwa kipimo gani, chini ya uangalizi wa nani, hayo yalidondoka njiani.

Nami nina langu la kukiri. Nilikuwa nauza dawa dukani miaka ile, na mwaka 2020 niliuza azuma bila cheti cha daktari. Mteja alikuwa anatetemeka, mimi naogopa, na kumrudisha mikono mitupu nikaona ni ukatili. Azuma ni antibayotiki, inapambana na bakteria, na korona ni kirusi. Kila dozi tuliyoigawa ovyo iliwazoesha bakteria dawa ambayo kesho mtoto mwenye nimonia ataihitaji. Najuta hadi leo.

Kwa hiyo naomba, ndugu yangu, ukipewa dawa usikubali bahasha isiyo na jina. Mwambie muuzaji aandike jina, nguvu yake na siku za kutumia, kisha umtajie magonjwa uliyonayo na dawa unazomeza, hata kama hajauliza. Sukari, presha, mimba, vidonda vya tumbo: vyote vitaje. Na kama umekwisha kunywa deksa siku nyingi, usiiache ghafla kwa kuogopa haya niliyoandika. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu, maana mwili unakuwa umeshaitegemea.

Kuhusu nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, sina ugomvi na mtu. Mchaichai na majani ya mkaratusi vimetuburudisha vifua tangu utotoni. Ninachokataa ni kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria inayochemka, na kumwacha mtu anayehema kwa shida ajifukize nyumbani wakati anahitaji oksijeni. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Mama mdogo alipona. Siku hizi akipewa dawa yoyote hunipigia kabla hajafungua maji. "Shikamoo mama." "Marahaba. Shika kalamu, nakusomea." Kisha ananitajia herufi mojamoja, taratibu, mpaka jina liishe.