Godoro gumu na maumivu ya mgongo

Ndugu, godoro gumu kama ubao si dawa ya mgongo. La ugumu wa wastani ndilo linalosaidia zaidi. Utafiti wa Hispania uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2003 uliwafuatilia watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno kwa siku 90, na waliolalia la wastani walipata nafuu kuliko waliopewa gumu. Ukilala ubavu, bega na nyonga lazima vizame kidogo ndipo uti wa mgongo unyooke. Visipozama utageukageuka usiku kucha, na usingizi utakatika kila mara. Laini mno nalo baya, kiuno kinazama.

Hapa Kampala wauzaji wengi hutaja unene tu, inchi sita au nane. Waulize pia densiti, yaani sponji ina kilo ngapi kwa mita ya ujazo. Hiyo ndiyo inayoonyesha litadumu kiasi gani kabla ya kuingia shimo katikati. Ila densiti si ugumu! Ugumu upime kwa kulala palepale dukani, kwa ubavu, dakika kadhaa, na usione haya. Mwenye mwili mzito achague gumu kidogo zaidi.

Mtoto mchanga ni habari nyingine: yeye alale kwenye godoro gumu na bapa, bila mto. Na kama maumivu yanashuka mguuni pamoja na ganzi, tafadhali nenda hospitali kwanza, godoro litasubiri.