Wiki ya watani wa jadi: maswali yenu ya futiboli ya vyuo Marekani

Msimu wa kawaida wa futiboli ya vyuo Marekani hufungwa wikiendi ya mwisho ya Novemba, watani wa jadi wanapokutana. Mwaka huu wa 2026 Michigan wanakwenda Columbus kwa Ohio State Novemba 28, na maswali mengi yamehusu mechi hiyo.

Kaka, Ohio State karibu kila mwaka wana vipaji kuwazidi Michigan. Mbona wanateseka? Na safari hii unampa nani? (Columbus)

Wanateseka kwa sababu mechi hii huamuliwa na wale wazito wa safu ya mbele, siyo wapokeaji wanaotamba kwenye vipande vya video. Chukua ya 2024. Ohio State walikuwa nyumbani, kampuni za kubashiri zimewapa ushindi wa karibu pointi 20, wakalala 13-10. Kwotabeki (mtupa pasi) wa Michigan alipasia yadi 62 tu mechi nzima na pasi zake mbili zikanaswa. Ila walinzi wa Michigan, Mason Graham na Kenneth Grant, walifunga njia ya katikati, Ohio State wakaambulia yadi 77 za kukimbia. Badala ya kupeleka mpira pembeni walikokuwa na watu wa maana, waliendelea kugonga ukuta uleule, na mpigaji wao akakosa mikwaju miwili ya chini ya yadi 40. Timu hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa taifa Januari, kwa hiyo ubora haukuwa tatizo. Mwaka 2025 walijirekebisha, wakashinda 27-9 kule Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan.

Safari hii nawapa Ohio State, 24-17. Nitageuza msimamo kwa mambo mawili: mlinzi wa kushoto wa safu ya mbele akiumia wiki hiyo, maana ndiye anayelinda mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, au upepo ukizidi kilomita 25 kwa saa. Watu huogopa theluji, lakini upepo ndio unaoharibu pasi ndefu na mikwaju, na mechi ikigeuka ya kukimbiza mpira tu, pengo la vipaji linapungua.

Hendikapu ya -6.5 na ya -7.5 zina tofauti gani? Si pointi moja tu? (Mwanza)

Hendikapu ni pointi inazokatwa timu inayopewa ushindi kabla mkeka haujahesabiwa. Tofauti ni pointi moja, lakini hiyo ndiyo huchana mikeka. Kwenye futiboli pointi huja kwa mafungu: tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani) 6, mkwaju wa baada yake 1, mkwaju wa kati ya nguzo 3. Ndiyo maana tofauti ya 3 na ya 7 hutokea mara nyingi kuliko nyingine. Ohio State wakishinda 24-17 kama nilivyosema, mwenye -6.5 amekula, mwenye -7.5 ameliwa. Hali ni hiyohiyo kati ya -2.5 na -3.5. Kuhama kutoka -4.5 hadi -5.5 hakuna uzito mkubwa.

Kwa hiyo ukikuta -7.5 siku hiyo, mimi naelekea kwa Michigan, ingawa naamini watafungwa. Halafu jihadhari na zile za -30 na kuendelea mwanzoni mwa msimu. Kocha akiona mechi imeisha huwatoa wachezaji wake wa kwanza, na mgeni hufunga tachidauni mbili robo ya nne mbele ya akiba.

Natazama takwimu za yadi za kukimbia lakini utabiri wangu haufui dafu. Nakosea wapi? (Nairobi)

Pengine unazisoma kama za NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa. Kwenye futiboli ya vyuo, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari kabla hajatupa, yadi zilizopotea hukatwa kwenye hesabu ya kukimbia. NFL huzikata kwenye hesabu ya pasi. Timu iliyokimbia yadi 150 na kwotabeki wake kuangushwa mara tano kwa hasara ya yadi 35 itaandikiwa 115. Utasema hawajui kukimbia, kumbe ni dhaifu kwenye kumlinda kwotabeki. Rudisha kwanza zile yadi, kisha gawanya kwa idadi ya mara mpira ulipobebwa, bila kuhesabu hizo mara tano.

Army na Navy: pointi nyingi au chache? (Dar es Salaam)

Chache. Vyuo hivi vya kijeshi huegemea kukimbiza mpira, na mbebaji akiangushwa ndani ya uwanja saa haisimami. Husimama pasi ikianguka chini. Kila shambulizi linakula dakika nyingi, hivyo mashambulizi yenyewe ni machache. Matokeo ya 2021 hadi 2023 yalikuwa 17-13, 20-17 na 17-11, na hiyo ya kati ilifika muda wa nyongeza. Mwaka 2024 Navy walishinda 31-13, basi usiifanye sheria. Kampuni za kubashiri nazo zinalijua hili na hupanga jumla ya chini. Ikiwekwa chini ya 38, achana nayo.

Kwenye mtoano wa timu 12 wa kuwania ubingwa wa taifa, kupumzika raundi ya kwanza ni faida au mkosi? (Minneapolis)

Kwenye misimu miwili ya mwanzo, timu nane zilipumzika na moja tu ikashinda robo fainali: Indiana, waliowachapa Alabama 38-3 na kuishia mabingwa. Mwaka wa kwanza kulikuwa na sababu: kanuni iliwapa mapumziko mabingwa wanne wa ligi, hata Boise State na Arizona State waliokuwa chini kwenye viwango. Kanuni hiyo ilibadilishwa, bado Ohio State, Georgia na Texas Tech wakaanguka. Nadhani wiki tatu na zaidi bila mechi zinapunguza kasi ya mashambulizi. Timu yenye ulinzi mzuri huumia kidogo kuliko ile inayoishi kwa pasi za haraka.

Alabama na Auburn? (Kampala)

Alabama. Safari hii ni Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, na Auburn hawajashinda pale tangu 2010.

Mzee wangu, kuna Mkongo aliyewahi kung'ara kwenye mechi hizi? (Lubumbashi)

Yupo, tena kwenye hiyohiyo ya Michigan na Ohio State. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, mwaka 1995 aliwakimbilia Ohio State yadi 313. Walikuja Ann Arbor bila kupoteza mechi, wakaondoka na 31-23. Kazi ilianzia mbele yake: safu ya Michigan ilifungua njia tangu robo ya kwanza, naye akapita.

Tutazame saa ngapi huku nyumbani? (Mombasa)

Ikianza saa sita mchana ya Columbus kama kawaida yake, ni saa mbili usiku Afrika Mashariki. Septemba na Oktoba mechi za muda huo huanza saa moja usiku, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mechi huchukua kama saa tatu na nusu.