Kichwa kinauma ukisimama na unaona mbilimbili baada ya ganzi ya mgongo

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako aliyejifungua kwa opereshen, kwamba akikaa tu kichwa kinataka kupasuka akilala kinatulia na sasa anaona vitu viwiliviwili, mnaogopa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) imekufa, pole sana, mimi yalinikuta hayohayo kwa mtoto wangu wa pili.

Ile sindano ya ganzi inatoboa mfuko wa maji ya ubongo na uti wa mgongo, tundu lisipoziba maji yanavuja, presha ndani ya kichwa inashuka na ukisimama ubongo unavutwa chini. Kwangu kichwa kilianza siku ya pili, nikarudi zahanati nikaambiwa uchovu wa uzazi. Siku ya nane naangalia mlango naona miwili, nililia sana nikajua ndo upofu huo.

Daktari wa macho akaniambia funika jicho moja, nikaona mlango mmoja, funika la pili, mmoja. Akasema basi kila jicho lenyewe linaona vizuri ila hayaelekei pamoja, kuna mshipa wa fahamu wa 6 unaopeleka jicho upande wa nje, ubongo ukishuka unauvuta. Mfanyieni hicho kipimo leo, na kama akifunika moja lile lililo wazi bado lina ukungu au giza msisubiri kesho.

Akanitia matone akamulika retina, hakuna uvimbe. Kumbe mshipa wa kuona, yaani mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, unavimba presha ya kichwa ikipanda, ikishuka kwa kawaida hauvimbi. Lakini ikikaa chini muda mrefu kuna jingine: nyuma ya jicho kuna kiwambo chembamba chenye vitundu ambamo mshipa wa kuona unapita, mbele kinasukumwa na presha ya jicho ambayo kawaida ni mmHg 10 mpaka 21, nyuma kinaegemea presha ya maji ya ubongo. Huku nyuma pakilegea kiwambo kinabonyea hata kama presha ya jicho ni nzuri tu, na kuna watafiti wanaohusisha hilo na glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuona polepole) ya watu ambao presha ya macho haijapanda, ubishi haujaisha. Ndo maana alinipiga picha ya OCT ya tabaka za retina iwe ya kulinganishia, baada ya miezi 6 tukarudia, hakuna kilichopungua.

Kahawa na kulala havikunisaidia. Walichukua damu yangu mkononi kama mililita 20 wakaichoma mgongoni izibe tundu, jioni nikakaa nikanyonyesha bila kichwa kuuma. Jicho lilichelewa, kama miezi miwili hivi, nikawa nafunika moja nikitembea.

Kichwa kikianza kuuma hata akiwa amelala, au degedege, mkono kulegea, presha ya damu kupanda, huyo mkimbizeni hospitali muda huohuo maana mzazi anaweza kuwa na kifafa cha mimba au damu kuganda kichwani. Na ataje mwenyewe kuwa alichomwa ganzi ya mgongo, mimi ile siku zahanati sikusema na hakuna aliyeniuliza.